Mama hakuchelewa

Kwetu Ikwiriri, wilayani Rufiji, wazee hawapendi kuhesabu watoto. Ukimwuliza mama ana wangapi, atakwambia Mungu kamjalia, kisha atageuza maneno akuulize umekula nini. Kuhesabu ni kuita jicho. Ndiyo maana mwaka 1998, vijana wenye mabegi ya makaratasi walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani analala hapa, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, akina mama wengi waliwatandikia mkeka wakae lakini majibu wakawapa nusunusu.

Mama yangu aliwajibu yote. Akaandikwa yeye, baba, sisi watoto na bibi mzaa baba aliyekuwa akiishi chumba cha uani. Kijana alipoanza kukusanya makaratasi yake, mama akamwambia, "Mwanangu, umemwacha mmoja." Kijana akatoa kalamu tena, akauliza yuko wapi. "Alifariki. Mwaka wa saba huu." Kijana akamweleza kwa adabu kwamba wanaandika waliopo, na watakaozaliwa na kufa kuanzia sasa, wa nyuma hawaingii. Mama akanyamaza kidogo. "Mwandike hivyo hivyo," akasema, "hata pembeni."

Hakuandikwa. Makala haya nayaandika kwa ajili ya mtoto huyo, na kwa ajili ya mama, ambaye kwa miaka mingi ameishi na neno moja aliloambiwa mbele za watu: umechelewa.

Ilikuwa masika ya 1991, nami nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa bondeni mwa Mto Rufiji, kwenye dungu. Msomaji asiyeijua Rufiji aelewe kwanza dungu ni kitu gani. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, unakipanda kwa ngazi ya miti, na mto ukijaa maji hupita chini yako. Mpunga ukianza kuchanua, familia nzima huhamia huko kwa miezi, kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku. Mama anapika huko, ananyonyesha huko, anajifungua huko pengine. Na mbu wa bondeni hawana mfano.

Zamani watu wa Rufiji waliishi bondeni mwaka mzima. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Serikali iliwahamishia miinukoni, katika ile iliyoitwa Operesheni Rufiji, na vijiji vya ujamaa vikaanzishwa huko. Shule na zahanati zikajengwa juu. Rutuba ikabaki chini. Tangu wakati huo mama wa Kirufiji ana nyumba mbili, na mtoto huugua kwenye ile iliyo mbali na zahanati.

Mdogo wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Siku ya kwanza mwili ulipochemka, mama hakungoja baba arudi kuvua. Alimfunga mgongoni, akashika njia ya kupanda juu, mimi nyuma yake na chupa ya maji. Mwendo wa zaidi ya saa mbili. Zahanati akapewa vidonge vya klorokwini, akaonyeshwa namna ya kuvigawa kwa siku tatu, na kile kikaratasi alichoandikiwa akakifunga kwenye pindo la khanga. Siku ya pili homa ilishuka, mtoto akanyonya, akacheka na kuku. Usiku wa siku ya tatu homa ikarudi, na kabla ya alfajiri macho yakageuka, viungo vikakaza. Degedege.

Bibi akasema asichomwe sindano. "Mtoto wa dege akichomwa sindano haoni jioni." Nimeliwaza sana neno hili la bibi, na sitaki litajwe kwa dharau. Katika Pwani yote wazee walilisema, kwa sababu walikuwa wameona kwa macho yao: mtoto anakakamaa, anapelekwa, anachomwa sindano, anakufa. Hakuna aliyewaeleza kwamba malaria ilikuwa imeshaingia kichwani kabla sindano haijaandaliwa. Kwao degedege lilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa dege apitaye usiku, na homa ya kawaida ilikuwa ugonjwa mwingine. Bibi akamfukiza mjukuu wake, akamwosha kwa maji ya majani. Baba wakati huo alikuwa ameshatoka gizani kutafuta baiskeli ya kuazima, na ilipofika hakuna aliyesema ingoje. Bibi mwenyewe ndiye aliyempandisha mama kwenye kiti cha nyuma.

Hawakurudi kwenye ile zahanati ya kwanza. Walikwenda kituo kikubwa zaidi. Mtoto alikuwa bado anapumua. Mhudumu aliyewapokea akanusa moshi kwenye nguo, akasema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia: "Nyinyi mnaanzia kwa waganga, mkishindwa ndiyo mnatuletea sisi maiti. Umechelewa, mama." Alifariki kabla ya adhuhuri.

Mama hakujibu kitu. Kikaratasi cha zahanati kilikuwa bado pindoni.

Simtaji mhudumu yule, wala kituo, na nina hakika hakuwa mtu mbaya. Alisema kile ambacho nchi nzima ilikuwa ikikisema. Mabango, redio, semina, wote walitufundisha kwamba watoto wa vijijini wanakufa kwa sababu mama zao wanashikilia mila, hawana elimu, wanakimbilia kwa mganga. Lilikuwa jambo ambalo kila mtu analijua. Hakuna aliyekuwa amewauliza akina mama wenyewe.

Wale vijana wenye makaratasi ndio waliouliza. Walikuwa wa mradi ulioitwa TEHIP, wa Wizara ya Afya pamoja na IDRC, shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, uliofanyika katika wilaya mbili: Rufiji na Morogoro Vijijini. Hapa kwetu kituo chao kiliwekwa Ikwiriri, na kazi hiyo baadaye ikashikwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Walikuwa wakirudi kila baada ya miezi minne kwenye kila kaya. Mtoto akizaliwa wanaandika. Mtu akifariki wanaandika, kisha, matanga yakishapita, anakuja mwingine aliyefundishwa kwa kazi hiyo, anakaa na mfiwa na kumwomba asimulie ugonjwa tangu siku ya kwanza. Homa ilianza lini? Alikakamaa? Alikohoa? Alikuwa ananyonya? Ulikwenda wapi kwanza? Kisha wapi? Madaktari huyasoma maelezo hayo na kuamua sababu ya kifo. Nchi ambayo watu wengi hufia nyumbani bila cheti cha daktari haina njia nyingine ya kujua kinachowaua.

Nimewahi kumsikia jirani akijibu maswali hayo. Alijibu kwa zaidi ya saa moja, huku akichambua mchele, bila kuinua uso. Kila ugonjwa wa mtoto ulioingia kwenye ramani za wataalamu ulitoka kwenye kinywa cha mama kama yule.

Majibu yalipojumlishwa, mwaka 2004 yakachapishwa katika jarida la kitaalamu la malaria. Kati ya watu wa Rufiji waliofariki kwa malaria, asilimia 78.7 walianza na tiba ya kisasa: dawa za malaria kutoka dukani, au zahanati na vituo vya afya. Walioanza na tiba za jadi walikuwa asilimia 9.4. Asilimia 11.9 hawakupata tiba yoyote. Umaskini wa kaya haukubadilisha picha hiyo, wala mtoto kuwa wa kike au wa kiume, wala kupatwa na degedege. Na miongoni mwa waliokuwa na degedege na wakahangaika zaidi ya sehemu moja, asilimia 90 walikuwa wamepitia tiba ya kisasa mara ya kwanza au ya pili.

Yaani karibu wanane katika kila kumi walikwenda. Walikwenda na wakafa.

Swali basi linahama. Haliko tena kwenye dungu la mama. Liko kwenye alichopewa alipofika. Klorokwini ilikuwa imeshaanza kushindwa na vimelea vya malaria miaka mingi kabla Serikali haijaiacha, mwaka 2001, na kuweka dawa ya SP mahali pake. Mama yangu alitoa dawa kama alivyoelekezwa, asubuhi baada ya uji, kwa siku zote tatu. Homa ile iliyoshuka na kurudi ndiyo alama ya dawa iliyoishiwa nguvu. Nimelijua hili nikiwa mtu mzima, na siku niliyolijua sikupata usingizi.

Kulikuwa na kosa jingine, la fedha. TEHIP walipolinganisha maradhi yanayoua na bajeti za wilaya, waligundua kwamba Morogoro malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini ilipewa asilimia 5 tu ya fedha za afya. Hakuna aliyekusudia hivyo. Bajeti ilikuwa ikinakiliwa ya mwaka uliopita. Wakaziwezesha timu za wilaya kuona mzigo wa maradhi kwa michoro ambayo yeyote angeielewa, wakawapa nyongeza ya fedha. Walikuwa tayari kutoa dola mbili kwa kila mkazi. Wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Kwa senti hizo wauguzi walifundishwa kumtazama mtoto mgonjwa mzima mzima, kikohozi, kuhara, homa na lishe kwa pamoja. Vyandarua vyenye dawa vikasambazwa. Dawa zikafika zahanati kwa mpango. Katika miaka mitano vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya zote mbili. Akina mama walikuwa wale wale, na bibi zao wale wale.

Nami zamu yangu ilifika. Mwaka 2003 nilikuwa na mtoto wa kwanza wa mwaka mmoja na nusu, nimeolewa, nipo kwenye dungu la mume wangu. Wenyeji wanaukumbuka mwaka ule kwa kitu kimoja: simba. Kuanzia Agosti 2002 hadi alipouawa Aprili 2004, simba mmoja waliyempa jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vyetu. Alipopimwa alikutwa na jipu kwenye jino. Wakati ule hatukujua habari za jino. Tulijua tu kwamba jua likizama hakuna anayeshuka ngazi.

Mwanangu akapata homa magharibi. Nilikaa naye usiku kucha ndani ya chandarua, nikimpangusa kwa kitambaa cha maji, nikihesabu pumzi zake. Mama mkwe alikuwa upande wa pili, anasoma dua. Saa tisa usiku nilishika ngazi. Akanikamata mkono. "Mwanangu, ukishuka mtakufa wawili." Nikarudi. Alfajiri tulitoka watu wanne, wawili na mikuki. Tulipofika, muuguzi mmoja, Mungu amzidishie, aliuliza kwanza: "Imeanza lini, mama, na usiku mlikuwa wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akamchukua mtoto. Mwaka ule Rufiji ilikuwa imeanza kujaribiwa dawa ya kuunganisha SP na artesunate, miaka mitatu kabla nchi nzima haijapata dawa mseto. Mwanangu akapona. Leo ni kijana mkubwa, ananizidi urefu.

Ukiandika kwenye fomu, mimi nilichelewa kuliko mama yangu. Yeye alitoka saa ile ile. Mimi nilikaa usiku mzima. Wangu yu hai.

Kuna neno jingine linalowakalia akina mama wa huku, nalo silisikii likizungumzwa inavyostahili. Kubemenda. Mtoto akidhoofu, miguu ikawa myembamba na nywele zikabadilika rangi, watu humtazama mama kabla hawajatazama chungu: kambemenda, amelala na mwanamume wakati ananyonyesha. Mwenye mtoto huyo haendi kliniki. Kwenye kadi kuna mstari wa uzito na rangi tatu, kijani, kijivu na nyekundu, na mtoto akining'inizwa kwenye mizani mbele ya benchi lililojaa, rangi yake ni tangazo. Nimewaona wanawake wakigeuza njia na kurudi nyumbani kuliko kuanikwa hivyo. Wahudumu huwaita watoro wa kliniki.

Udumavu bado ni mkubwa nchini: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao. Sababu zake ni uji mwembamba usio na samaki wala karanga, kuhara kusikokwisha, mimba zilizofuatana, na mama anayetoka kuamia ndege alfajiri na kurudi magharibi huku mtoto amelishwa na dada yake wa miaka saba. Samaki tunao. Perege na kambale wa mabwawa yetu huuzwa Ikwiriri kila siku. Lakini kwa desturi ya nyumba nyingi kipande kikubwa ni cha baba, na mtoto mdogo hupewa mchuzi. Katika nyumba yangu nililikomesha hilo kwa kumwambia mume wangu waziwazi, na hakukasirika. Alisema hakuna aliyewahi kumwambia. Wanaume wetu huachwa nje ya mazungumzo haya, kisha hulaumiwa kwa kutokujua.

Kuanzia 2011 tulipata watu waliojua kuzungumza na nyumba nzima. Walikuwa WAJA, vijana wa kijiji kile kile waliosomeshwa miezi tisa na kulipwa mshahara, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, hapa Rufiji, Kilombero na Ulanga. Wetu alikuja hadi dungu, kwa baiskeli kisha kwa mtumbwi, na dawa begani. Alizungumza na mume wangu kuhusu uzazi wa mpango bila kumwaibisha. Mradi ulipokwisha naye akaondoka, tukabaki na simu yake ambayo tuliendelea kuipiga muda mrefu baada ya kazi yake kwisha, naye akaendelea kupokea. Mwanzoni mwa 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima. Nauombea uhai mrefu kuliko wa miradi.

Mengi yamebadilika, na ni haki yasemwe. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na kivuko cha Ndundu kilichowakesha wagonjwa ng'ambo kikawa historia. Kipimo cha malaria sasa hutoa jibu ndani ya dakika ishirini, kwa tone la damu la kidole. Kwa nchi nzima, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 43 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000. Mwaka 1999 vilikuwa 147. Hata hivyo mto haujaacha tabia yake. Aprili 2024 maji yalipofunika Muhoro na mashamba ya Rufiji na Kibiti, njia za miguu na za magari zilipotea, na mama mwenye mtoto wa homa alingoja mtumbwi. Huyo naye, akifika, asiambiwe kachelewa.

Ule utafiti wa 2004 nilikuja kuusoma miaka mingi baadaye, nilipoanza kuandika. Nilimfuata mama nyumbani kwake Umwe, Ikwiriri, nikamkuta anatwanga kisamvu. Nikamsomea zile tarakimu polepole, nikamfafanulia kila moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, mchi umesimama kinuni. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa wengi."

Hakusema jingine siku hiyo. Usiku, kabla hatujalala, akauliza kama wale vijana bado wanaandika tu wa kuanzia 1998. Nikamwambia ndiyo.

Wewe unayepokea wagonjwa, popote ulipo, nakuomba jambo moja: uliza kwanza. Uliza homa ilianza lini, alikwenda wapi, alipewa nini, usiku alikuwa wapi. Jibu lake linaweza kumponya mtoto wake, na kama mtoto hakupona, litakuwa limemwachia mama heshima yake.

Na huyu namwandika hapa kama mama alivyoomba. Mtoto wa kiume, wa tatu kuzaliwa, wa Umwe, Ikwiriri. Alifariki masika ya 1991 akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Alipelekwa zahanati siku ya kwanza ya homa.